Ulaya Itazamwayo kutoka Njombe
Mada juu ya safari za mafunzo ya Jiografia, iliyosomwa mbele ya walimu wa somo hilo, Mjimwema, Njombe



Nimetakiwa kusema juu ya safari za mafunzo katika nchi za Ulaya, milima yake na miji yake, na bila shaka wako miongoni mwetu waliokwisha kujiuliza kimoyomoyo kuna faida gani kuwazungumzia safari hizo watu ambao shule zao, aghalabu, hushindwa kukodi basi la kuwafikisha wanafunzi Makambako na kuwarudisha kabla ya magharibi. Swali hilo ni la haki, wala sitalikwepa. Ada ya viza ya kuingia katika nchi za Schengen, tangu Juni 2024, ni Yuro 90 kwa mtu mzima, na fedha hiyo hairudishwi hata ombi likikataliwa. Nauli, malazi na mavazi ya baridi bado havijahesabiwa. Walakini sisi hatukuacha kamwe kuwapeleka vijana wetu Ulaya: twawapeleka kwa kitabu, tukawapitisha bonde la Rhine, viwanda vya Ruhr, mashamba ya Uholanzi yaliyotwaliwa baharini na milima ya Uswisi. Ninalodai leo ni kwamba safari hiyo ya kitabuni twaifanya vibaya, kwa kuwa twawatoa nyumbani mikono mitupu, bila ya kipimo cha kupimia watakachokiona, ilhali kipimo hicho kiko papa hapa, chini ya nyayo zetu.

Wametutangulia wengine. Sayyid Barghash bin Said, alipozuru Uingereza mwaka 1875 akatembezwa London, Liverpool na Manchester, hakwenda kama mtu asiyepata kuona mji mkubwa, maana alikwisha kukaa Bombay uhamishoni. Na yale yaliyofuata Unguja katika utawala wake, mifereji ya kuleta maji safi mjini na jumba la Beit al-Ajaib la mwaka 1883, hata kama hayakutokana yote na safari ile, yaonyesha mtawala aliyeuangalia mji kwa nia ya kujua maji yake yatoka wapi na taa zake zawashwa na nini. Amur bin Nasur alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili, akaandika habari za safari yake, nazo zikachapwa mwaka 1894 katika mkusanyo wa Büttner. Martin Kayamba, alipotumwa London mwaka 1931 pamoja na Chifu Makwaia wa Shinyanga na Francis Lwamugira wa Bukoba kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge juu ya kuziunganisha nchi za Afrika Mashariki, hakuridhika na ushahidi tu. Mwaka 1932 alitoa kitabu, Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza, ili walioachwa nyumbani nao wapate fungu lao la safari ile.

Lakini katika hao wote, ninayependa zaidi kumtia mikononi mwa mwanafunzi ni Selim bin Abakari. Huyu hakuwa sultani wala mjumbe. Alikuwa mtumishi, akifuatana na bwana wake, Dk. Bumiller, wala njia hakuichagua yeye. Mwaka 1896 walitoka Ujerumani wakaingia Urusi, wakapita Petersburg na Moscow, wakafuata mto Volga, wakafika Siberia na milima ya Altai, na masimulizi yake yakachapwa katika Safari za Wasuaheli, kitabu alichokikusanya Carl Velten na kukitoa Göttingen mwaka 1901. Jambo ninaloomba mlizingatie ni hili: kabla ya kuiona Volga, Selim alikuwa amekwisha kusafiri bara hadi Nyasa. Alikuwa anajua ziwa kubwa ni nini, anajua kupanda mlima na mzigo, anajua kuuliza habari za maji na chakula katika nchi asiyoijua lugha yake. Mtu wa namna hiyo hata Siberia haimfanyi mgeni wa kila kitu, na ndiyo maana masimulizi ya mtumishi, kwa rai yangu, yana jiografia nyingi kuliko taarifa nyingi za mabwana.

Basi natuanze na mto. Wanafunzi wangu nimewashusha mara nyingi mpaka Ruhuji, karibu na maporomoko, wakiwa na kamba ya meta 10, saa ya mkononi na magunzi ya mahindi. Mmoja hushika kamba upande wa juu na mwingine upande wa chini. Gunzi likitupwa majini, wa tatu hutazama saa, wa nne huandika, na wengine, kama mjuavyo, hucheka gunzi linaponasa katika jiwe na kuharibu hesabu. Wakisha kupata mwendo wa maji nawauliza: kwa nini mto huu haupiti chombo, hata mtumbwi wa mbao mbili, ilhali Rhine hubeba mashehena ya makaa, mafuta na nafaka kutoka baharini mpaka Basel, mwendo wa zaidi ya kilometa 800? Jawabu walikwisha kulipata kabla ya swali. Basel iko karibu meta 250 tu juu ya usawa wa bahari, hata mto una nafasi ya kuteremka polepole. Ruhuji huanza juu huku kwetu, ukajitupa kwa maporomoko mpaka bonde la Kilombero, kisha Rufiji, kisha bahari. Kijana aliyelowa suruali kwa gunzi lake hahitaji kukariri kwamba Rhine ni njia ya biashara.

Vivyo hivyo mgawanyo wa maji. Katika milima ya Gotthard, Uswisi, mvua inyeshayo mahali pamoja huenda Bahari ya Kaskazini kwa Rhine, Mediterania kwa Rhône, na Adriatiki kwa Ticino na Po. Na mwalimu huchora mishale ubaoni mpaka chaki ikaisha. Lakini mkoa wetu wenyewe ni paa la namna hiyo: upande mmoja maji huenda Rufiji, na upande mwingine huingia Ruhuhu, yakafika Ziwa Nyasa, yakatoka kwa Shire kwenda Zambezi. Ama ufa wa ardhi, aliyesimama kwenye ukingo wa milima ya Livingstone akaona ziwa limelala chini yake, naye akaambiwa kwamba ardhi hapo ilipasuka na kudidimia, ataelewa mara moja namna Rhine ya juu ilivyolala bondeni baina ya milima ya Vosges na Msitu Mweusi.

Nakuja sasa kwenye makaa, na hapa nitakaa kitambo, kwa kuwa hapa ndipo kitabu na nchi vilipoachana. Vitabu vingi tunavyotumia bado vyasema kwamba Ruhr ni nchi ya makaa na chuma, wala havisemi uwongo juu ya jana. Walakini mgodi wa mwisho wa makaa mawe katika nchi hiyo, Prosper-Haniel huko Bottrop, ulifungwa Desemba 2018. Mgodi wa Zollverein huko Essen, uliokuwa ukihesabiwa miongoni mwa mikubwa na mizuri kupita yote, uliacha kutoa makaa mwaka 1986, na mwaka 2001 ukaingizwa katika Urithi wa Dunia. Leo mwanafunzi wa safari hupandishwa mahali makaa yalipokuwa yakioshwa, akaonyeshwa makumbusho. Mto Emscher, ambao kwa muda wa karne nzima ulifanywa mfereji wa uchafu wa migodi na miji, kwa sababu ardhi iliyochimbwa ilikuwa ikititia na mabomba ya chini yangepasuka, haukuepukana na maji machafu mpaka mwishoni mwa 2021, baada ya kazi ya miongo mitatu na fedha nyingi mno. Sasa tazameni Ludewa. Tunayo makaa ya Mchuchuma na chuma cha Liganga, viwili hivyo vikiwa jirani kama vilivyopata kuwa jirani huko Ujerumani, na habari za kuchimbwa kwake tumezisikia tangu utoto wa baadhi yetu. Mwanafunzi wa Njombe anayesoma Ruhr kwa ajili ya mtihani na asiulizwe kuhusu Mchuchuma amedhulumiwa. Na aulizwe: makaa yakitoka, nani atapata kazi, mto gani utapokea uchafu, na yakisha kwisha, mji ule utakula nini?

Miti nayo ina habari kama hiyo. Milima ya Harz, katikati ya Ujerumani, ilikatwa misitu yake kwa ajili ya migodi ya fedha na mkaa wa kuyeyushia madini, ikapandwa msprusi, aina moja, safu kwa safu. Ukame ulioanza mwaka 2018 uliidhoofisha miti hiyo, na mdudu mdogo anayezaana chini ya gamba akaimaliza, hata vilima vikabaki na magogo ya kijivu. Kilele cha Brocken, kilicho kirefu kuliko vyote vya Harz, kina meta 1,141. Sisi tulioketi Mjimwema tuko juu yake kwa mamia ya meta, nasi tumezungukwa na mipaina iliyotoka Mexico, na miwati ya Australia iliyopandwa kwa wingi na kampuni iliyoanzishwa mwaka 1949, na milingoti iliyotoka huko huko Australia. Sisemi miti hii isipandwe. Imesomesha watoto wa Njombe, na huenda imemsomesha hata mmoja wa waliomo humu. Nasema tu kwamba somo la Harz, kwa mtoto ambaye baba yake ana ekari za mipaina, si somo la Ulaya.

Juu ya miji sitarefusha. Duisburg iko mahali mto Ruhr unapoingia Rhine, na Makambako iko mahali barabara ya Songea inapoachana na barabara kuu ya kwenda Zambia, reli ya TAZARA ikipita hapo hapo. Mwalimu mwenye busara atajua la kufanya.

Naomba, basi, tukubaliane mambo ya kutendeka. Safari ya kwanza iwe Ruhuji, kwa miguu, nayo haina gharama ila ya magunzi. Ya pili iwe Lupingu, ziwani, shule mbili au tatu zikichangia basi moja, nayo ifanywe Septemba au Oktoba kabla mvua haijaanza. Kila mwanafunzi achukue daftari moja, ukurasa wa kushoto aandike alichokiona hapa, wa kulia uachwe mtupu mpaka atakapofika Rhine ya kitabuni. Barua za wazazi ziandikwe mapema; na kwa kuwa njia ya kushuka ziwani ni ya mteremko mkali, dereva aulizwe habari za breki kabla ya kuulizwa bei.