Gemu, Imani na Mizani: Mada kwa Wazazi, Walimu na Viongozi wa Dini, Kalinzi



Vibanda vya gemu tumeshavisema sana: utoro, hela za daftari zilizoliwa, kelele za usiku. Ni kweli, sirudii. Mashine za dubwi nazo naziweka kando. Hizo ni kamari. Mimi nauliza jambo jingine: kijana akishika padi, mchezo unamzoesha kutenda nini?

Mwaka 1985 Mmarekani Richard Garriott alitoa gemu ya Ultima IV. Wazazi walikuwa wamemwandikia barua kulalamikia gemu zake za awali, naye akatengeneza mchezo usio na adui mkuu wa kuuawa mwishoni. Mchezaji anatakiwa kukua katika fadhila nane, zikiwemo uaminifu, huruma na unyenyekevu. Humo yumo muuza dawa kipofu. Anakutajia bei, kisha anakuachia uweke pesa mwenyewe. Ukimpunja, mzigo unapata na safari inaendelea, hakuna anayekukamata. Ila uaminifu wako umeshapungua, na alama zake huzioni. Utakuja kujua baadaye, mambo yakikukwamia.

Hilo mkulima wa kahawa wa hapa Kalinzi, anayepimiwa kilo zake kwenye mizani, halimpi taabu kulielewa. Kitabu cha Mithali kinakemea mizani ya hila, na Qurani ina sura iliyopewa jina la wapunjaji, Al-Mutaffifin. Tofauti ni kwamba msikitini na kanisani kijana anasikiliza, na kwenye gemu anaachiwa apunje au asipunje.

Kuhusu imani yenyewe, mfano wenye uzito zaidi ni That Dragon, Cancer ya Januari 2016. Waliitengeneza Ryan na Amy Green, wazazi Wakristo, kwa ajili ya mtoto wao Joel aliyeugua saratani akiwa na umri wa mwaka mmoja na kufariki mwaka 2014. Kuna sehemu mtoto analia usiku hospitalini. Mchezaji anambeba, anambembeleza, anajaribu kumnywesha, kilio kinazidi. Kinakoma baba anapoomba. Lakini gemu hiyo haidai kwamba maombi yalimponya, Joel anakufa. Mahubiri machache ya msibani yana ujasiri huo.

Na tusidhani haya ni ya Wazungu tu. Lual Mayen, Msudani Kusini aliyekulia kambini kaskazini mwa Uganda, alibuni Salaam, ambamo mchezaji ni mkimbizi anayekimbia vita akihitaji maji na chakula. Sisi wa Kigoma, tunaoishi jirani na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu tangu 1996, tulipaswa kuwa na gemu ya namna hiyo zamani.

Ninalopendekeza ni dogo. Vijana wetu wanaojua kompyuta wabuni gemu ya karani wa mizani anayewapimia wakulima msimu wa kahawa. Manabii wasichorwe, Waislamu hawatakubali, wala hakuna haja. Alama za uaminifu zifichwe, maana mtoto akiziona atakuwa mwema kwa ajili ya alama, na hiyo ni riya, wema wa kujionyesha.

Vikundi vya majadiliano vya mchana vinisaidie penye ugumu: karani aliyepunja atubu vipi? Kubonyeza kitufe ni rahisi mno. Mimi ningemrudisha kwa kila mkulima, mlango kwa mlango, alipe kilo alizokula, hata kama mchezo utachosha.