Hita ya Oili Badala ya Jiko Chumbani
Maelezo yaliyotolewa kwa wakazi wa Nyandarua kabla ya msimu wa baridi



Mkazi wa Kinangop, Njabini au Ol Kalou hahitaji kuambiwa maana ya baridi. Maeneo haya yako zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia Juni hadi Agosti jua huweza kukosa kuonekana siku nzima, na hata Januari, usiku usio na mawingu, sakitu huchoma viazi shambani. Nyumba nyingi ni za mbao na mabati, na joto la mchana hutoka ndani upesi kuliko linavyoingia.

Kwa hivyo jiko la makaa huingizwa chumbani. Hapa ndipo maisha hupotea. Kila msimu wa baridi nchini Kenya huripotiwa vifo vya watu waliolala na jiko likiwaka, mara nyingine familia nzima. Makaa yanayowaka hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Gesi hii hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivi kwamba mtu anapumua vizuri lakini mwili unakosa hewa. Makaa mekundu yasiyo na moshi, ambayo wengi huyaona kuwa salama, bado yanatoa gesi hiyo, na hakuna moshi wa kumkohoza aliyelala hadi aamke.

Kuweka sufuria ya maji juu ya jiko hakuiondoi gesi hiyo, kwa kuwa haiyeyuki ovyo ndani ya maji. Maziwa pia si dawa yake. Mtu akiumwa kichwa, akizunguzungiwa, akitapika au akilegea miguu karibu na jiko, atolewe nje mara moja na apelekwe hospitali akapewe oksijeni. Dalili zikiwapata watu wawili au watatu wa nyumba moja kwa wakati mmoja, wasidhani ni homa. Wafugaji wa kuku nao wanahusika: jiko la kuwapasha vifaranga joto halifai kuwekwa katika chumba ambacho watoto wanalala, hata kama vifaranga wamezungushiwa katoni pembeni.

Nyumba zilizo na stima sasa zina njia nyingine, nayo ni hita ya oili. Ni ile ya nguzo za chuma zilizopangwa kwa safu, mara nyingi saba, tisa au kumi na moja, ikisimama juu ya magurudumu madogo. Walio na jamaa Uingereza au Urusi wamesikia habari za rejeta za nguzo zilizofungwa ukutani, zinazopitisha maji moto kutoka boila moja inayohudumia nyumba nzima. Huku hakuna mabomba hayo, na kuyaweka katika nyumba ya kawaida ni gharama isiyo na sababu. Hita ya oili ni rejeta inayojitegemea. Mwenye gari anajua kazi ya rejeta: hutoa joto la injini na kulitupa hewani. Hii hufanya vivyo hivyo, ila joto linalotupwa ndilo linalotakiwa. Chini ndani yake kuna koili ya umeme inayopasha oili, oili inazunguka katika nguzo, nazo nguzo zinapasha hewa. Oili hiyo haichomwi. Haipungui, wala haiongezwi, na fundi anayedai kuijaza kila mwaka anatafuta pesa.

Anayenunua aanze na ukubwa wa chumba. Chumba cha futi 10 kwa 10 chenye dari kinatoshwa na hita ya takriban wati 1,000. Kisipokuwa na dari, hata wati 1,500 zitakuwa zikipasha mabati. Ndiyo sababu pesa za kwanza afadhali ziende kwenye dari, hata ya mbao nyepesi, na kuziba nyufa za kuta na upenyo ulio chini ya mlango. Tahadhari moja tu: nyumba iliyozibwa hivyo isiingizwe jiko tena kamwe, kwa sababu nyufa zile ndizo zilizokuwa zikiwaokoa watu.

Hita nzuri ina kidhibiti joto kinachoizima chumba kikishafika kiwango kilichowekwa, na swichi inayokata umeme hita ikianguka. Iwe pia na alama ya ubora ya KEBS, au stika ya ISM ikiwa imetoka nje ya nchi. Hita ya bei ya kutupa isiyo na alama yoyote huwa na waya mwembamba, na waya mwembamba ndio unaoanza kuyeyuka.

Kuhusu waya, hapa inafaa kuwa mkali. Stima ya Kenya ni volti 240. Hita ya wati 2,000 huvuta zaidi ya ampia 8 kwa saa nyingi mfululizo, tofauti na birika la umeme linalozima baada ya dakika chache. Plagi ya pini tatu ina fyuzi ya ampia 13, kwa hivyo soketi iliyofungwa vizuri inaihimili. Ekstensheni ya kuchaji simu haiihimili. Hita ichomekwe moja kwa moja ukutani, peke yake. Katika ploti ambapo vyumba kadhaa vinatumia mita moja na waya uliounganishwa kutoka chumba hadi chumba, mpangaji amuulize mwenye nyumba kabla ya kununua. Fundi wa kukagua awe na leseni ya EPRA, na jambo la kwanza la kumwuliza ni kama nyumba ina waya wa ardhi. Shawa ya umeme na hita zisiwashwe pamoja katika nyumba yenye waya mdogo. Solar ya nyumbani ya taa na redio haiwezi kuendesha hita hata kidogo.

Mahali pake ni sakafuni, pakavu na pasawa, karibu mita moja kutoka kitanda, pazia na viti. Isiwekwe chini kabisa ya soketi, kwa maana joto hupanda, wala bafuni. Na nguo zisianikwe juu yake, ingawa msimu huo nguo za shule hukaa siku tatu bila kukauka na kishawishi ni kikubwa. Nguo hulizuia joto, hita ikachemka kupita kiasi. Kamba ya kuanikia iliyofungwa mbali kidogo katika chumba hicho hicho inafanya kazi hiyo.

Gharama mtu anaweza kuipiga mwenyewe. Wati 1,000 kwa saa moja ni yuniti moja ya tokeni. Hita hiyo ikiwaka saa tatu jioni ni yuniti tatu zisizozidi, na kidhibiti kikifanya kazi huwa pungufu. Kwa mwezi ni kama yuniti 90. Wateja wa nyumbani hutozwa kwa viwango kulingana na matumizi, kwa hivyo aliyezoea yuniti chache huenda akaona kila yuniti imepanda bei. Chumba kimoja ambamo watoto au mzee wanalala kinatosha kuanzia. Hita iwashwe kabla ya kulala kisha izimwe. Nguzo hukaa na joto kwa muda hata baada ya kuzimwa.

Asiye na stima apike na kuota moto katika jikoni iliyotenganishwa na malazi, au kwenye jiko lenye bomba la kutoa moshi nje. Kitandani atumie mpira wa maji moto uliofungwa vizuri na kuviringishwa kitambaa. Jiko la gesi pia lisiachwe likiwaka chumbani kwa ajili ya joto.

Utunzaji ni mdogo. Vumbi la katikati ya nguzo lifutwe kwa kitambaa kikavu kila baada ya wiki mbili hivi, hita ikiwa imechomolewa na kupoa, la sivyo vumbi huungua na kuleta harufu. Plagi iguswe mara kwa mara: ikiwa ya moto sana au imegeuka rangi ya kahawia, hita isitumike tena hadi fundi aone. Isilazwe. Ikibebwa kwa bodaboda ikiwa imelala, isimamishwe wima kwa muda kabla ya kuwashwa, ili oili irudi chini na kuifunika koili. Ikianza kuvuja, isipelekwe kuchomelewa kama sufuria au rejeta ya gari: koili huenda imebaki bila oili ya kutosha, na chombo kilichofungwa chenye oili ndani ni hatari mbele ya moto wa kuchomelea. Hita ya namna hiyo ichomolewe na waya wake ukatwe kabla ya kutupwa, asije mtu akaiokota na kuiwasha.