Uvimbe mdogo na zamu yangu ya likelemba

(Maneno ya mwanachama mmoja kwenye mkutano mkuu)



Munajua miaka miwili iliyopita nilienda Bujumbura juu ya mawe ya figo. Munganga alipotazama picha ya skana akaona kitu kingine: uvimbe wa milimeta 12 kwenye kongosho, ile wengine wanaita pankreasi. Inakaa nyuma ya tumbo, inatengeneza maji ya kusaga chakula na insulini ya sukari ya damu.

Hapa mtaani ikawa "kansa ya kongosho". Ile kali munayosikia ni ingine. Yangu, vipimo vilionyesha, imetoka kwenye chembe zinazotengeneza homoni. Ikiwa chini ya sentimeta 2 na mtu hana dalili, mara nyingi waganga hawapasui, wanaichunga tu. Juu kupasua kongosho si kazi ndogo: inaweza kuvuja, na mtu anaweza kubaki na ugonjwa wa sukari. Picha ya kwanza nilipewa ya miezi 6, sasa ni kila mwaka.

Uvimbe wenyewe hauniumi hata kidogo. Kilichoniuma ni nyinyi, munisamehe. Mulikuja nyumbani mukakaa kimya kama kwenye matanga. Wengine wakasema ni sumu, niende nikatapishwe. Halafu zamu yangu ya likelemba ikarukwa. Nikauliza, nikajibiwa: "Tunangoja kwanza tuone." Muone nini? Mabati ya nyumba sijanunua mpaka leo.

Siku ngumu kweli ni zile wiki mbili mbele ya picha. Silali. Bibi yangu ananiita, siitiki. Wakati huo, anayekuja tuongee mpira ao mihogo ananisaidia kuliko anayelia. Mara ya mwisho mzee mmoja wa chama alinisindikiza mpaka mpakani, amebeba bahasha ya picha za zamani. Ile bahasha ni kitu kikubwa: bila picha ya zamani munganga atajuaje kama uvimbe umekua?

Sasa ombi. Kasha letu linalipa mtu akilazwa ao akifa. Mimi sijalazwa, sijafa, basi sipati hata franga za safari, na ile picha niliichelewesha miezi 4. Komite iandike kwamba mgonjwa anayechungwa, wa kongosho ao wa ugonjwa mwingine, asaidiwe safari na picha moja kwa mwaka, alete risiti. Na zamu yake isirukwe.

Marafiki wafadhili, najua munapenda kuonyeshwa mtu aliyepona. Mimi sina wa kuwaonyesha. Nitawapa risiti.

Picha yangu inayofuata ni mwezi wa 9. Macho yakigeuka manjano, ao nikikonda bila sababu, nitaenda mapema, ndivyo munganga aliniagiza. Kwa sasa niko shambani. Jumapili kwenye likelemba nitakuja na mchango wangu.