Hifadhi kwa Mke Aliyekimbia Mateso



Husemwa kwamba ugomvi wa mke na mume ni siri ya nyumba. Katika mambo madogo maneno hayo yana hekima. Lakini mke apigwapo hata akahofia roho yake, akaenda polisi akarudishwa, akaenda kwa jamaa zake akafungiwa mlango, je, hiyo ingali siri ya nyumba?

Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, lilijibu swali la namna hiyo tarehe 25 Machi 1999. Wanawake wawili wa Pakistani walikuwa wamefukuzwa na waume zao, na walikuwa katika hatari ya kusingiziwa zinaa. Walihofu kurudi kwao, kwani dola isingewalinda. Mapatano ya Geneva ya mwaka 1951 yalitaja sababu 5 za kuonewa zimfanyazo mtu kuwa mkimbizi: rangi, dini, uraia, kundi fulani la jamii, na maoni ya siasa. Wanawake hawakutajwa. Hata hivyo mahakimu 4 kati ya 5 waliwapa haki, wakiona kuwa wamo katika kundi la jamii lililonyimwa ulinzi. Lord Hoffmann alieleza kwamba uonevu una sehemu 2: dhara kubwa, na dola kukosa kumlinda mtu. Kwa hiyo ukatili wa mume peke yake hautoshi; mlango wa serikali uliofungwa ndio utimizao dai.

Waama, kwa Waislamu kumsingizia mwanamke zinaa bila ya mashahidi 4 ni dhambi kubwa, na Qur'ani imemwekea msingiziaji viboko 80. Dini haikuwa upande wa waume wale.

Hapa Uganda, Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 imemtambua pia mtu aliyeikimbia nchi yake kwa kuhofia kuonewa, sababu alikataa kufuata desturi zinazobagua kwa jinsia.

Basi mwanamke wa namna hiyo abishapo mlango wa msikiti, asihimizwe kurudi akavumilie. Na asaidiwe kutunza barua ya daktari, karatasi ya polisi kama ipo, na majina ya majirani walioona; maana maafisa hawataki kujua habari za jeraha tu, bali pia kama msaada uliombwa ukakosekana, au kwa nini haukuweza kuombwa. Mzee aliyeyajua hayo akanyamaza kwa kuona haya, hakuficha siri ya nyumba. Amemnyima aliyedhulumiwa shahidi wake.