KUPUNGUZA UZITO: BAINA YA HIMYA, FUNGA NA KUVUKA MIPAKA

(Mada iliyotolewa kwa waumini wa Kihesa, Iringa, baada ya Swala ya Magharibi)

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote, Aliyetuumba katika umbo zuri na Akaturuzuku vilivyo vizuri. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake, Maswahaba zake na kila mwenye kuwafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Amma baad.



Katika darsa zetu limekuwa likirudiwa swali moja, kwa wanaume na kwa wanawake. Wapo walioacha kabisa ugali, wali, viazi na mkate ili miili yao ipungue. Wapo wanaokula mlo mmoja kwa siku. Wapo wanaofunga Jumatatu na Alhamisi kwa shabaha hiyo. Na wapo wanaonunua unga wa majani kwa kuambiwa kuwa ni dawa ya Mtume (s.a.w.). Wanauliza: lipi katika haya lina asili katika Sunna, lipi ni mubaha tu, na lipi tujiepushe nalo?

Jibu kwa ufupi ni hili. Kujizuia na baadhi ya vyakula kwa ajili ya afya kuna asili katika Sunna, na jina lake ni himya. Njia gani ifuatwe, hilo ni jambo la uzoefu wa tiba, na asili yake ni ruhusa. Lakini lina masharti matatu: niya iwe safi, mwendo uwe ni wa kudumu, na isidhuriwe nafsi yako wala ya yule unayemlisha. Tuyafafanue haya kwa tawfiki ya Allah.

KWA NINI SWALI HILI LIMETUFIKIA

Nyanda za Juu Kusini ni ghala la nchi yetu. Mahindi na viazi tunalima wenyewe, mchele unatoka Kyela na Mbarali, ndizi zinatoka Rungwe. Hii ni neema ya Allah, na neema hushukuriwa. Wazee wetu walikula ugali mwingi kwa sababu walishika jembe tangu alfajiri na wakapanda na kushuka vilima hivi kwa miguu. Leo wengi wetu tunashinda dukani, ofisini au juu ya pikipiki, na kipimo cha ugali kimebaki kile kile cha mtu wa jembe. Juu yake tumeongeza chai yenye vijiko vitatu vinne vya sukari, chapati, chipsi na soda.

Matokeo yake yameandikwa katika tafiti za kitaifa. Mwaka 2010 wanawake 22 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 hapa Tanzania walikuwa na uzito uliozidi kiasi au kiribatumbo. Katika utafiti wa 2015-16 walifikia 28. Uchunguzi wa 2012 uliwakuta watu wazima 9 hivi katika kila 100 wana kisukari. Wanaume wasijione wamesalimika, kwani kitambi ambacho baadhi yetu tunakiita heshima, madaktari wanakihesabu miongoni mwa dalili za hatari kwa moyo.

HIMYA KATIKA SUNNA

Allah (S.W.) katika Suratul-A'raf, aya ya 31, Ameturuhusu kula na kunywa, na hapo hapo Akatukataza israfu. Naye Mtume (s.a.w.), katika hadithi ya Miqdam bin Ma'dikarib aliyoipokea Tirmidhi, ametufundisha kwamba mwanadamu hajazi chombo kibaya zaidi kuliko tumbo, kwamba vinamtosha vijitonge vya kuusimamisha mgongo wake, na kwamba ikiwa hana budi basi theluthi iwe ya chakula, theluthi ya kinywaji na theluthi ya pumzi. Zingatieni kuwa theluthi ni ukomo wa aliyeshindwa na uchache. Sisi tumeifanya theluthi kuwa daraja la mawalii, na kushiba mpaka pumzi zisumbue tumeifanya kuwa kawaida.

Mahsusi zaidi ni hadithi ya Ummul-Mundhir (r.a.), waliyoipokea Abu Dawud na Tirmidhi. Mtume (s.a.w.) aliingia kwake akiwa na Ali (r.a.), ambaye ndiyo kwanza anapata nafuu ya maradhi. Palikuwa na mashada ya tende yaliyotundikwa. Ali alipoanza kula, Mtume (s.a.w.) alimtaka aache kwa kuwa bado ni dhaifu. Kisha Ummul-Mundhir akapika mboga ya majani na shayiri, na Mtume (s.a.w.) akamuelekeza Ali ale hicho, kwani kinamfaa zaidi.

Tende ni halali, ni chakula chenye baraka, na Mtume (s.a.w.) mwenyewe alizila. Pamoja na hayo alimzuia nazo mtu maalumu kwa hali yake maalumu, bila kuziharamisha kwa wengine. Hii ndiyo himya. Ibn al-Qayyim katika Zad al-Ma'ad ameitaja kuwa ni moja ya misingi mitatu ya tiba, pamoja na kuhifadhi afya na kuutoa mwilini uchafu wenye kudhuru. Basi anayeambiwa na daktari wake apunguze ugali na sukari, asione kuwa amekufuru neema. Na aliyepunguza asimtazame jirani yake mwenye sahani ya wali kana kwamba anakula haramu.

WANGA NA NJIA NYINGINE

Wanga ni ile sehemu ya chakula iliyomo kwa wingi katika ugali, wali, viazi, ndizi, mkate na sukari. Ukiingia tumboni hugeuka kuwa sukari ya damu. Kongosho hutoa homoni ya insulini ili sukari hiyo iingie katika seli na itumike, na inayozidi mahitaji huwekwa akiba, na akiba hiyo mwishowe huwa mafuta. Mtu akipunguza wanga, mwili hulazimika kutumia akiba yake. Lakini ajue kuwa kilo zinazotoka siku za mwanzo kwa sehemu kubwa ni maji, kwa sababu akiba ya sukari iliyomo katika misuli na ini imefungamana na maji. Anayeshangilia kilo tatu za wiki ya kwanza asishangae zikirejea mara tu anaporudi kwenye chapati.

Njia hii si mpya. William Banting, mtengeneza mazishi wa London, aliandika mwaka 1863 jinsi alivyopungua kwa kuacha mkate, sukari na viazi. Daktari Robert Atkins wa Marekani aliieneza kwa kitabu chake cha mwaka 1972. Hapa kwetu Profesa Mohamed Janabi, aliyeongoza Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete na kisha Hospitali ya Taifa Muhimbili, kabla ya kuchaguliwa mwaka 2025 kuwa Mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani Kanda ya Afrika, amewahimiza Watanzania kwa miaka mingi wapunguze wanga na sukari na waache saa nyingi zipite bila kula. Wengi walimfanyia mzaha kuwa anawanyima watu chakula. Ukipima maneno yake kwa hadithi ya theluthi, utaona hakuleta jambo geni kwa Waislamu.

Je, kuacha wanga ndiyo njia pekee? La. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa matokeo ya utafiti wa watu wazima 609. Kundi moja lilipunguza wanga, jingine likapunguza mafuta, na wote waliambiwa waache sukari na unga uliokobolewa na wazidishe mboga. Baada ya miezi 12, waliopunguza wanga walipungua wastani wa kilo 6.0, na waliopunguza mafuta kilo 5.3, tofauti ambayo watafiti hawakuihesabu kuwa ni kitu. Ila ndani ya kila kundi wapo waliopungua zaidi ya kilo 20, na wapo walioongezeka. Nao watafiti wa Uingereza walionesha mwaka 2017 kuwa karibu nusu ya wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili waliopunguziwa chakula kwa mpango maalumu, chini ya uangalizi wa kliniki, waliweza kukaa bila dawa na sukari yao ikawa sawa mwaka mmoja baadaye.

Siku hizi zipo pia sindano za kupunguza hamu ya kula, kama semaglutide, ambayo Marekani iliidhinisha mwaka 2021 kwa ajili ya uzito. Hizo ni tiba kwa anayeandikiwa na daktari, na wengi wanaoziacha hurudiwa na sehemu kubwa ya uzito wao.

Basi funzo ni kwamba njia bora ni ile utakayodumu nayo. Na hili Waislamu tunalijua katika mlango mwingine: Bibi Aisha (r.a.) amepokea, katika Bukhari na Muslim, kuwa amali inayopendeza zaidi kwa Allah ni ile yenye kudumu, hata ikiwa chache. Aliyepunguza ugali nusu kwa miaka kumi ni bora kuliko aliyeuacha wote kwa siku kumi.

TUSIMZULIE MTUME (S.A.W.)

Hapa pana jambo zito kuliko kilo. Wauzaji wa dawa za kupunguza mwili wanatumia maneno matatu kama hadithi. La kwanza ni lile linalolifanya tumbo kuwa nyumba ya maradhi na himya kuwa kichwa cha dawa. Hilo si neno la Mtume (s.a.w.), bali linanasibishwa na tabibu wa Waarabu, al-Harith bin Kalada. La pili ni lile linaloamuru watu wafunge ili wawe na siha, na isnadi yake ni dhaifu. La tatu ni lile la kuwa sisi ni watu tusiokula mpaka tuone njaa, nalo halina isnadi inayotegemewa. Maana yake yaweza kuwa nzuri, lakini uzuri wa maana haulifanyi neno kuwa hadithi. Hadithi mutawatir imemuahidi Moto mwenye kumzulia Mtume (s.a.w.) kwa makusudi. Muuzaji na auze bidhaa yake kwa jina lake mwenyewe, baada ya kusajiliwa na mamlaka ya dawa, na aliache jina la Mtume (s.a.w.).

FUNGA NA NIYA

Ama anayefunga Jumatatu na Alhamisi, au masiku meupe ya tarehe 13, 14 na 15, huku akitaraji pia mwili wake upungue, tunamwambia kuwa amali huhesabiwa kwa niya. Akifunga kwa ajili ya Allah na manufaa ya mwili yakafuata, hapana ubaya, kama ambavyo Allah Amemruhusu haji kufanya biashara katika safari yake, katika Suratul-Baqara, aya ya 198. Lakini ambaye lau si mizani ya kliniki asingefunga, huyo amefanya himya tu, na asijihesabie swaumu. Na ambaye hufunga mchana kisha Magharibi akafuturu magimbi, tambi, sambusa na uji wa sukari mpaka akashindwa kusimama katika Tarawehe, huyo amekosa manufaa yote mawili.

MIPAKA

Kwanza, mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asiache wanga wala asifunge kabla ya kuonana na daktari. Dawa ile ile ikikutana na tumbo lisilo na wanga huweza kuishusha sukari ghafla, mtu akaanguka na hata kufa. Wala asiache dawa kwa kusikia mawaidha ya mtu yeyote, nikiwemo mimi. Allah Ametukataza kujitupa katika maangamizi, katika Suratul-Baqara, aya ya 195.

Pili, mjamzito, mwenye kunyonyesha na mtoto wasiingizwe katika himya ya baba. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionesha kuwa katika mkoa wetu wa Iringa watoto takriban 57 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, kiwango cha juu kuliko mikoa yote. Fikirini, ndugu zangu: mkoa wenye chakula, watu wazima wananenepa, na watoto wanadumaa! Baba akiacha ugali akajiongezea nyama na mayai, huku mtoto akibaki na uji mtupu, hiyo ni dhulma, na Mtume (s.a.w.) amesema kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Lile yai aanze mtoto.

Tatu, tusidharauliane. Bibi Aisha (r.a.) ameeleza, katika hadithi ya Abu Dawud, kuwa alishindana mbio na Mtume (s.a.w.) akamshinda, na baadaye alipokuwa na mwili wakashindana tena naye akashindwa. Mtume (s.a.w.) akamwambia kwa upole kuwa ushindi huu ni badala ya ule. Hakumkebehi mkewe kwa kunenepa, bali alikimbia pamoja naye. Ewe mume unayemsema mkeo mbele ya watu, umewahi kutembea naye hata nusu saa?

HITIMISHO

Tuanze na machache tunayoyaweza. Tupunguze ugali nusu na nafasi yake tujaze maharage na mboga za majani, ambazo hapa Kihesa ni rahisi. Tuchague dona badala ya sembe. Sukari ya chai tuipunguze kijiko kwa kijiko. Tule usiku mapema na kwa uchache. Tuje msikitini kwa miguu, na hatua zake zina ujira. Na katika walima zetu, mgeni akisema inatosha, tusimshindilie sahani.

Tena tukumbuke kuwa Maswahaba waliicheka miguu myembamba ya Ibn Mas'ud (r.a.), na Mtume (s.a.w.) akawajuza kuwa katika Mizani ni mizito kuliko mlima Uhud. Afya ni amana na tuitunze ili tupate nguvu ya kusali, kufunga, kulea na kutafuta halali.

Ewe Allah, tupe siha katika miili yetu, uzibariki riziki zetu, uwape shifaa wagonjwa wetu, na uwakuze watoto wetu katika afya na ucha Mungu. Aamin.

Wabillahi tawfiiq, wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.