Sababu 18 za Januari 1971: kwa nini watu walimshangilia aliyekuja kuwafunga

(Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi mbele ya vijana hapa Kongowea. Wengi hamkufika mkaniomba niyaweke kwenye uzi. Sheria yetu ni ile ile: hatutaji jina la mwanasiasa wala la chama, hata wakiwa marehemu.)



Nianze na nililolisikia hapa hapa sokoni. Mama mmoja alikuwa akibishana na mwenye nyanya juu ya bei ya kreti. Mvuta mkokoteni aliyekuwa akingoja mzigo akaingilia kati: "Nchi hii yataka mtu mkali. Jeshi lichukue miaka mitano tu, kila mtu atanyooka." Watu wakaitikia. Na mimi, niseme ukweli, nilitikisa kichwa kukubali kabla sijafikiri. Karo nilikuwa sijamaliza kulipa na mfukoni nina mia mbili.

Neno hilo la "mtu mkali" siku hizi liko kila mjadala. Liko kwa matatu, liko kwa kinyozi, liko redioni. Sikuja hapa kumcheka yule ndugu, kwa sababu kuna nchi jirani ambayo ilisema maneno hayo hayo kabla yetu, ikayapata iliyoyaomba.

Tarehe 25 Januari 1971, rais wa Uganda akiwa Singapore kwa mkutano wa Jumuiya ya Madola, wanajeshi walichukua nchi. Askari mmoja akasoma redioni sababu 18 za kumwondoa. Itafuteni orodha ile muisome. Kuna watu kuwekwa kizuizini bila kushtakiwa. Kuna hali ya hatari isiyokwisha, watu kuzibwa midomo, wizi wa mabavu, miaka mingi bila uchaguzi, ufisadi wa wakubwa. Halafu inakuja upande wa tumbo: kazi hakuna, bei ya chakula iko juu, mishahara iko chini, ushuru juu ya ushuru, mkulima anapunjwa kwa zao lake. Na upendeleo wa eneo moja, mpaka ndani ya jeshi.

Ukipewa orodha ile bila kuambiwa imetoka wapi, utadhani imeandikwa jana usiku na mtu wa Kisauni. Na linalonisumbua mimi ni kwamba sehemu kubwa yake ilikuwa kweli. Serikali iliyoondolewa ilikuwa imeisimamisha katiba mwaka 1966 na kupiga marufuku vyama vya upinzani mwaka 1969. Kwa hivyo Kampala ilipocheza barabarani siku ile, watu wale hawakuwa wajinga. Walisikia mtu akiyataja maumivu yao kwa majina, redioni, na bunduki iko upande wake.

Yule mkubwa wa jeshi akasema yeye ni askari tu, siasa hazitaki, atakaa muda mfupi kisha uchaguzi ufanywe. Akawafungua wafungwa wa kisiasa. Akakubali mwili wa Kabaka, aliyefia London mwaka 1969, urudishwe kuzikwa nyumbani, na Baganda wengi wakampenda kwa hilo peke yake. Uingereza nayo ikaitambua serikali yake haraka. Wakubwa wa London walimwona kama mtu wa kuendesheka.

Sasa angalieni mwaka ule ule wa 1971. Bunge likavunjwa, nchi ikaendeshwa kwa amri. Shughuli za kisiasa zikasimamishwa kwa miaka miwili. Amri nyingine ikampa askari uwezo wa kumkamata raia bila hati ya mahakama. Kumbukeni kufungwa bila kushtakiwa kulikuwa ndani ya zile sababu 18! Mwaka haukuisha, na ugonjwa ulioorodheshwa ukawa ndio dawa.

Na bei je? Bei haijui nani amekaa Ikulu. Jeshi likaongezewa fedha, hazina ikakauka. Ukiwa wewe ndiye uliyeahidi na watu walishangilia, mwaka wa pili utawaambia nini? Hapo ndipo mtawala wa aina hii huhitaji mtu wa kulaumiwa. Agosti 1972 Waasia wa Uganda wakapewa siku 90 waondoke. Ikaitwa vita vya uchumi.

Nikae kidogo hapa, maana hapa Pwani jambo hili lilipita mlangoni petu. Zaidi ya watu 50,000 waliondoka Uganda. Baadhi yao waliteremshwa na garimoshi hapa Mombasa wapande meli kwenda Bara Hindi, wakiwa na kiasi kidogo tu cha pesa walichoruhusiwa kutoka nacho. Watu husema babu zao walijenga reli. Wengi hawakuijenga, walikuja kufanya biashara, ila reli ndiyo iliyowafikisha bara. Na malalamiko juu ya maduka kushikwa na jamii moja yalikuwa na msingi wake pia, kwa sababu ukoloni ulimpangia kila mtu daraja lake: huyu auze, huyu alime. Lakini mpangaji alikuwa serikali ya kikoloni, na aliyefukuzwa ni mwenye duka na watoto wake, wengine wana uraia wa Uganda.

Maduka yakagawiwa, mengi yakaenda kwa wanajeshi na watu wao. Kuna kisa kinachosimuliwa sana cha askari aliyepewa duka la nguo akawa anauza shati kwa namba iliyoandikwa kwenye kola, akidhani ndiyo bei. Iwe kweli au utani, watu walicheka wiki moja. Kisha sukari ikapotea. Chumvi ikapotea, sabuni ikapotea. Neno letu la Kiswahili, magendo, likawa neno la kila siku Uganda, likawa ndilo jina la uchumi wenyewe. Kahawa ilipopanda bei duniani baada ya baridi kali kuunguza mikahawa ya Brazil mwaka 1975, kahawa ya Uganda ikavushwa usiku kuingia Kenya, na soko la Chepkube kule mpakani likatajirisha watu wa upande wetu. Kwa hivyo tusijifanye watakatifu, kuna Wakenya waliojenga nyumba kwa shida ile.

Na mahakama? Septemba 1972 Jaji Mkuu wa Uganda alichukuliwa na watu wenye silaha akiwa kazini, ndani ya jengo la Mahakama Kuu, Kampala. Siku chache kabla alikuwa ameamuru mtu aliyezuiliwa kinyume cha sheria aachiliwe. Hakurudi. Utawala ule ulianguka Aprili 1979, tena kwa vita. Makadirio ya waliouawa huanzia watu 100,000 na mengine hufika 500,000.

Hapa najua kuna mwenzangu ataniambia: "Wewe wataja Uganda, lakini shida yetu sisi ni masharti. IMF ndiyo Versailles yetu." Hoja hii imekuwa maarufu, tuichukue kwa uzito.

Versailles ni mkataba wa 1919 uliofunga Vita Vikuu vya Kwanza. Ujerumani iliwekewa masharti mazito: kupoteza ardhi, kupunguziwa jeshi, kukubali lawama ya vita na kulipa fidia, iliyopangwa mwaka 1921 kuwa marki za dhahabu bilioni 132. Ilinyang'anywa pia makoloni yote, ikiwemo Tanganyika. Watu wa huku waliingia kwenye masharti yale kama mali inayobadilisha mwenyewe, baada ya maelfu kwa maelfu kufa wakibeba mizigo ya majeshi. Jina Kariakoo linatokana na kikosi cha wapagazi wale. Hakuna aliyewauliza chochote.

Simulizi tunayoipata shuleni ni fupi: masharti makali, njaa, dikteta. Tarehe hazikubali. Pesa ya Ujerumani ilikufa mwaka 1923, dola moja ikawa marki trilioni 4.2. Dikteta hakuja. Mwaka 1928, uchumi ulipotulia, chama chake kilipata asilimia 2.6 tu ya kura. Ni baada ya mdororo wa dunia wa 1929 ndipo kilipopanda, na mapema mwaka 1932 watu milioni 6 hawakuwa na kazi huku serikali ikizidi kubana mishahara na matumizi kwa amri za rais, bunge limewekwa kando. Julai 1932 kilipata asilimia 37.3. Mwezi ule ule, mkutano wa Lausanne uliifuta fidia karibu yote. Novemba kura zikashuka hadi 33.1.

Mnaona? Fidia ilikwisha ondolewa, kura zilikuwa zinapungua, na bado tarehe 30 Januari 1933 rais mzee akamkabidhi mtu yule serikali. Waliomshauri walidhani watamshika mkono wamwendeshe. Kama London na Kampala miaka 38 baadaye. Chini ya miezi miwili bunge likapiga kura ya kumpa mamlaka ya kutunga sheria bila bunge.

Kwa hivyo masharti ya Versailles yalimpa dikteta hotuba. Kila jukwaa aliyataja, na watu waliodhalilika walimsikia. Mdororo ukampa wasikilizaji. Lakini mlango ulifunguliwa na wakubwa wa ndani, na ulikuwa umeshalegezwa kwa miaka mitatu ya kutawala kwa amri.

Tukirudi kwetu, mkopo si mkataba wa kushindwa vita. Aprili 2021 Kenya iliingia mpango na IMF uliotaka serikali ikusanye ushuru zaidi, na waliotia sahihi ni watu wetu. Ila kinachofanana ni kile anachokiona mwenye duka la mkate: sharti ambalo hakulipigia kura linafika mezani kwake. Muswada wa Fedha wa 2024 ulitaka asilimia 16 juu ya mkate. Vijana waliingia barabarani, Mombasa pia, wengine nchini wakauawa, na muswada ukaondolewa.

Na kuna mfano mwingine wa kwetu usiokubali simulizi fupi. Novemba 1991 wafadhili walisimamisha misaada kwa Kenya, uchumi ukiwa taabani. Kwa hesabu ya "njaa huleta dikteta" tungepata mkali zaidi. Desemba ile ile kifungu cha 2A kilichoruhusu chama kimoja tu kikafutwa. Kabla ya hapo kulikuwa na miaka ya mawakili kufungwa, makasisi kuhubiri, na watu kupigwa Kamukunji siku ya Saba Saba 1990. Shida ilikuta watu wameshajua wanataka nini kibadilike, zaidi ya nani aondoke.

Nilipofika hapa mzee mmoja, hamali wa siku nyingi, akainua mkono. Akasema, "Kijana, umesema vizuri. Lakini mimi mgongo wangu hauwezi kungoja mahakama." Ukumbi ukapiga makofi, na walimpigia yeye.

Nilimjibu hivi. Novemba 2023 Mahakama Kuu ilisema ada ya nyumba inavunja katiba. Machi 2024 ikarudi kwa sheria mpya, na mpaka leo mwenye mshahara anakatwa. Sikumficha hilo. Lakini ili irudi, ilibidi bunge likae, lijadili, na jina la kila mbunge aliyepiga kura tunalo. Uganda ya 1972 ungemuuliza nani? Mzee akanitazama, akasema, "Majina hayo uniletee." Nimeyachapisha, nitampelekea kesho asubuhi kabla malori ya vitunguu hayajafika.

Maswali wekeni hapo chini. Nitajibu nikitoka darasani.