Lawama Barabarani: Dereva, Mwendesha Baiskeli na Mzigo wa Kuthibitisha

Swali la nani alaumiwe pale gari linapomgonga mwendesha baiskeli huulizwa kana kwamba ni swali moja, ilhali ndani yake mna mawili yanayopaswa kutenganishwa: nani kati ya wawili hao alikosea, na nani abebe hasara ya mguu uliovunjika, ya kipato kilichokatika na ya watoto waliobaki bila mlezi. Sheria za nchi za Afrika Mashariki zinazofuata mkondo wa Uingereza huyafunga maswali hayo katika fundo moja liitwalo uzembe, na hoja ya mhadhara huu ni kwamba fundo hilo lifunguliwe, kwa sababu likibaki kama lilivyo, aliyeumia zaidi ndiye pia anayelipa zaidi.

Uzembe, kwa maana ya kisheria, ni kushindwa kuchukua tahadhari ambayo mtu mwangalifu angeichukua katika mazingira yaleyale, na pale aliyeumia naye anapoonekana kuwa na sehemu yake ya kosa, sehemu hiyo huitwa uzembe changizi. Kabla ya mwaka 1945, mahakama za Uingereza zilimnyima fidia yote mdai mwenye uzembe changizi, hata kama ulikuwa mdogo namna gani. Sheria iliyotungwa mwaka huo ndiyo iliyowapa majaji mamlaka ya kugawa hasara kwa asilimia, na Kenya ikauingiza utaratibu huo katika kifungu cha 4 cha Sura ya 26 ya sheria zake. Kwingineko kanuni ya zamani bado ina nguvu: nchini Marekani majimbo ya Alabama, Maryland, North Carolina na Virginia hayajaiacha, na jiji la Washington liliilegeza mwaka 2016 kwa ajili ya waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na watu wengine wasio ndani ya gari.

Ugawaji kwa asilimia ulikuwa hatua kubwa ya haki, lakini asilimia hizo hazitokani na kipimo chochote kinachoweza kushikika, na jambo hili linastahili kutazamwa kwa karibu. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kesi ya msichana aliyekuwa na umri wa miaka 13 alipogongwa huko Scotland, akivuka barabara kwa miguu jioni ya majira ya baridi baada ya kushuka kwenye basi dogo la shule, na gari lililomgonga lilikuwa likienda takriban kilomita 80 kwa saa bila dereva kupunguza mwendo alipoliona basi hilo limesimama. Jaji wa kwanza alimtwika mtoto huyo asilimia 90 ya lawama. Majaji wa rufani wakashusha hadi 70. Mahakama ya Juu, kwa kura tatu dhidi ya mbili, ikashusha tena hadi 50. Mambo yaliyothibitishwa yalikuwa yaleyale katika ngazi zote tatu, ila uzito uliotolewa kwa hatari aliyoileta dereva ndio uliobadilika, na mdai ambaye asingekuwa na uwezo wa kukata rufaa angeondoka na sehemu moja ya kumi ya fidia. Aliyegongwa hapo hakuwa na baiskeli, lakini hoja ni ileile.

Ugumu huongezeka zaidi katika ushahidi. Askari wa usalama barabarani anapofika, gari mara nyingi limekwisha kusogezwa pembeni, baiskeli iliyopinda imeegemezwa mahali fulani, majeruhi amekimbizwa hospitali, na mtu pekee aliyesalia wa kueleza kilichotokea ni dereva, ambaye atasema kwamba baiskeli iliingia barabarani ghafla. Yawezekana anasema kweli. Hata hivyo mchoro wa ajali, yaani ramani ndogo inayoonyesha alama za matairi na mahali vyombo vilipogongana, huchorwa kwa kufuata maneno yake, na mwendesha baiskeli aliyefariki au aliyepoteza kumbukumbu hana wa kumpinga kwa niaba yake. Katika kesi ya mwaka 2006 iliyohusu magari mawili, Mahakama ya Rufani ya Kenya ilikubali kwamba pale ushahidi usipoonyesha nani alikosea, lawama igawanywe sawa kwa sawa. Kati ya magari mawili kanuni hiyo inaingia akilini. Ikihamishiwa kati ya lori na baiskeli, huwa ni kumgawia mtu nusu ya hasara kwa sababu tu hakubaki na uwezo wa kusema.

Vyombo vyenyewe navyo havilingani, na kutolingana huko kunaweza kuhesabiwa. Gari dogo la kilo 1,500 linaloenda kilomita 50 kwa saa, ambacho ndicho kikomo cha mwendo katika maeneo ya makazi nchini Tanzania, lina nishati mwendo, yaani nguvu ya kudhuru itokanayo na uzito pamoja na kasi, ya takriban jouli 145,000. Mtu na baiskeli yake wenye jumla ya kilo 85, wakienda kilomita 15 kwa saa, hawafikishi hata jouli 750. Mmoja huleta barabarani hatari karibu mara 200 ya mwenzake. Vilevile dereva anayehitaji sekunde moja kuitambua hatari na kukanyaga breki, akiwa katika kilomita 50 kwa saa, husafiri karibu mita 14 kabla breki hazijaanza kushika, ilhali katika kilomita 30 kwa saa, juu ya lami kavu, gari hilohilo lingekuwa limekwisha kusimama kabisa ndani ya umbali huo. Kosa la mwendesha baiskeli ni lilelile katika hali zote mbili, lakini katika ya kwanza anagongwa na katika ya pili anapigiwa honi.

Hakuna haja ya kuwatakasa waendesha baiskeli. Wapo wanaosafiri usiku bila taa wala kiakisi mwanga, wapo wanaokwenda kinyume na mkondo wa magari, na nchini Burundi, katika barabara inayopanda milimani kutoka Bujumbura, vijana waliokwisha kushusha shehena za ndizi hujulikana kwa kushikilia nyuma ya malori ili yawavute mlimani. Dereva wa lori la namna hiyo, asiyewaona wala kuwaalika, hawezi kulaumiwa kwa haki kijana mmoja anapoteleza. Lakini wengi wa wanaoitwa wakorofi wamefikishwa hapo na barabara yenyewe: anayesafirisha magunia ya mkaa hupewa ukingo wa lami tu, na penye bega la barabara lililomomonyoka kiasi cha kuacha ngazi kati ya lami na udongo, kulipisha lori la Fuso kwa kushuka pembeni ni kuanguka na mzigo, na kubaki juu ya lami ni kuitwa mzembe. Mhandisi aliyechora barabara hiyo bila njia ya baiskeli hatajwi kamwe katika taarifa ya ajali, na hilo ni pengo kubwa katika mjadala mzima.

Uholanzi imeyatenganisha maswali mawili yaliyotajwa mwanzoni. Kifungu cha 185 cha Sheria ya Barabara ya nchi hiyo ya mwaka 1994 kinamfanya mwenye gari awajibike kwa madhara anayopata mtu asiye ndani ya chombo cha moto, isipokuwa athibitishe kwamba ajali ilitokana na jambo lisiloepukika. Na Mahakama Kuu ya nchi hiyo imeamua kwamba mhanga mwenye umri wa miaka 14 au zaidi hulipwa angalau nusu hata akiwa amekosea, na mwenye umri chini ya hapo hulipwa yote, isipokuwa pale mhanga alipokusudia au alipojihatarisha kwa kiwango kinachokaribia kukusudia. Ufaransa, kwa sheria ya tarehe 5 Julai 1985 iliyosimamiwa na Waziri wa Sheria Robert Badinter, ilikwenda mbali zaidi: mhanga asiyeendesha chombo cha moto hunyimwa fidia ya maumivu ya mwili kwa kosa lisilosameheka tu, tena likiwa ndilo chanzo pekee cha ajali, na walio chini ya miaka 16 au juu ya miaka 70 hulindwa hata dhidi ya sharti hilo. Hakuna kati ya sheria hizo inayompeleka dereva jela bila kosa. Jinai imebaki upande wake, na fidia upande wake.

Wapo watakaosema kwamba kanuni kama hiyo itawafanya waendesha baiskeli wasijali, lakini hoja hiyo inamdhania mtu kuwa atauweka mwili wake mbele ya lori kwa matumaini ya hundi. Wala si kweli kwamba dereva mmoja atafilisiwa, kwa kuwa bima ndogo, ile inayomlipa mtu wa tatu aliyeumizwa na gari, ni ya lazima kisheria Tanzania na Kenya, na gharama huenea kwa wenye magari wote. Kinachopendekezwa ni kwamba mzigo wa kuthibitisha uhamie kwa mwenye chombo cha moto, mahakama zikibaki na uwezo wa kupunguza fidia ya mtu mzima aliyefanya kosa zito kama lile la kushikilia lori. Penye mtoto hata upunguzaji huo usiwepo: mwanafunzi wa darasa la nne aliyetumwa dukani na baiskeli ya baba yake alipiwe matibabu yote na bima ya gari lililomgonga, na mabishano ya nani alikosea yaendelezwe na watu wazima, baada ya bili ya hospitali kufutwa.